Pale Sumbul Alipokwama

Studio ya Chandni, ya picha na video za harusi, iko Lalamusa huko Punjab, ghorofani juu ya duka la vitamu vya jalebi, na harufu ya mafuta ya kukaangia hupanda ngazi pamoja na wateja. Mswahili akilisikia jina la mji huu hudhani kuna Musa anayebembelezwa alale. Hapa halali mtu. Ni njia panda ya reli, treni hupiga honi zinapojisikia, na aliyezaliwa hapa hukatisha maneno katikati, akangoja treni ipite, kisha akaendelea na neno lilelile aliloliacha. Wageni huona ajabu. Wenyewe hawajui hata kama wanafanya hivyo.

Riffat hukaa chumba cha nyuma, ng'ambo ya pazia la kijani, kwa kuwa yeye ndiye anayehariri upande wa wanawake. Familia zinazojiheshimu hazitaki binti zao wakodolewe macho na kijana asiyewahusu, hata kama anakodoa kwa ajili ya kazi. Mwenye studio ni Mazhar, mume wa mdogo wake, na yeye huhariri upande wa wanaume, ambao una wanaume wanaokula na wanaume wanaosubiri kula.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Riffat alikuwa anakunywa chai na kuhariri harusi ya Sumbul. Sumbul ni binti wa Chaudhry Ghazanfar mwenye karakana ya feni, na hata feni iliyokuwa ikizunguka juu ya kichwa cha Riffat ilitoka kwenye karakana hiyo. Filamu ilikwenda vizuri siku ya hina, ikaenda vizuri kwenye ngoma na kwenye kuvishwa vito. Ilipofika kwenye nikaha ikaanza kukwama. Sumbul ameketi kwenye kochi jekundu, shehe anamwuliza kutoka upande wa pili wa pazia, Sumbul anainua uso, na hapo picha inaganda, inaruka, na Sumbul ameinamisha uso tena na shehe anauliza upya.

Riffat hakushtuka. Video kukwama ni kama mtoto kukohoa, unaanza na dawa za nyumbani. Alifunga programu nyingine zote zilizokuwa zimefunguliwa. Akafuta yale mabaki ya kazi za zamani ambayo mashine hujilimbikizia bila kuambiwa. Akashusha ubora wa picha ya kutazamia mpaka nusu, kisha robo. Kwenye robo watu wote walififia, mashangazi wakawa madoa ya rangi na sahani za biriani zikawa ukungu, ila Sumbul alibaki vilevile, hata nyuzi za dhahabu kwenye mtandio wake zikionekana moja moja. Picha ikaendelea kukwama. Riffat akarudisha ubora ulipokuwa na kumalizia chai yake.

"Mazhar," aliita kupitia pazia, "ile sehemu ya bwana harusi uliirekodi na nini?"

"Na simu. Au ulitaka nirekodi na jiko?"

"Basi ndiyo hiyo. Mwendo wa video za simu hauko sawa, unapanda unashuka. Naunyoosha."

Bwana harusi anaitwa Khizar, binamu yake Sumbul. Yuko Italia, maeneo ya Brescia, anakamua ng'ombe kwa mashine, na tajiri wake hakumpa ruhusa, maana ng'ombe hawajui harusi. Kwa hiyo alioa kwa simu. Simu yenyewe ilivishwa shada la waridi na kuegemezwa kwenye kiti cha dhahabu, na watoto walioisogelea walipigwa vikofi. Zamu yake ya kujibu ilipofika, uso wa Khizar uliganda akiwa amefumba jicho moja. "Mtandao huo," alisema shehe. "Tumngoje bwana harusi." Nyumba nzima ilimngoja. Waliokuwa wanakula waliweka vijiko chini, mwenye mtoto aliyelia alimtoa nje, na hakuna aliyenung'unika mpaka Khizar alipofumbua lile jicho na kusema amekubali. Kungoja ni kitu ambacho watu wa Lalamusa wanakiweza sana.

Riffat akaunyoosha mwendo wa simu. Khizar akawa anakwenda laini kabisa, hata kupepesa macho alipepesa vizuri. Sumbul akaendelea kukwama.

Kwa kawaida nikaha haimpi Riffat taabu. Mabibi harusi wa huku hujibu kwa sauti ya chini mno, kwa haya au kwa kulia, na jamaa walioko ng'ambo hulalamika kwamba hawakusikia kitu. Neno lenyewe ni kubuul, ndugu wa kubali yetu, na filamu isiyo na neno hilo hurudishwa studio na matusi juu. Basi miaka mingi iliyopita Riffat alijifungia chumbani na kipaza sauti, akalirekodi mwenyewe: kubuul ya haya, kubuul ya kulia, kubuul ya furaha iliyozuiwa, na moja ya mafua kwa harusi za wakati wa baridi. Huzichomeka kwenye midomo ya mabibi harusi na zinakaa barabara. Wanawake wengi wa mji huu wamekubali waume zao kwa sauti ya Riffat. Yeye mwenyewe hajaolewa.

"Hakuna mwanamke Punjab nzima aliyeolewa mara nyingi kama shemeji yangu," Mazhar huwaambia wateja. "Kila Ijumaa anakubali mume, na jioni anakuja kula kwangu."

"Na katika waume wote hao," Riffat hujibu nyuma ya pazia, "hakuna aliyenichosha kama wewe."

Lakini kuchomeka sauti kunahitaji picha inayokwenda. Riffat akajaribu kuipika ile sehemu. Ndivyo wanavyosema wenye kazi hii: mashine inaipika picha kabla ya kuionyesha, na utepe mwembamba ulio juu yake hugeuka kutoka mwekundu kuwa kijani. Harusi nzima ikageuka kijani, isipokuwa kipande cha nikaha. Hicho kilibaki na wekundu wake, tena wekundu ulioiva, ule wa nguo ya bibi harusi, ambao programu ile haina.

Akatengeneza nakala nyepesi za video zote, ambayo ndiyo dawa mashine inapozidiwa na uzito. Nakala zilitoka upesi. Ndani yake walikuwemo wote, mama wa bibi harusi, mashangazi, mtoto anayelia, ila Sumbul hakuwemo. Kochi lilikuwa tupu. Nyuma ya kochi alisimama Shangazi Kishwar, dada yake Chaudhry, na mkono wake ulikuwa hewani unabonyeza kitu kisichokuwepo.

Riffat aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha umeme ukakatika, kama unavyokatika kila mchana, naye akashuka kununua jalebi.

Wiki ile ile Mama Sumbul alikuja studio na binti yake. Aliketi, akaomba maji, akayanywa, akaanza.

"Riffat mwanangu, filamu iko wapi? Wakala wa viza anaitaka kwenye faili. Bila filamu huyu haendi kokote. Halafu kuna jingine. Tangu harusi, mtoto anakwama."

"Anakwama vipi, khala?" Riffat alimwuliza, kwa heshima ya mama mkubwa.

"Anakwama tu. Anatoka jikoni na sinia, namwona huyo mlangoni, mara yuko jikoni tena anamimina. Yeye karudi, sinia imebaki hewani peke yake, unadhani itafanya nini? Vikombe vya harusi vimekwisha. Wifi yangu Kishwar anasema ni jicho la watu. Mimi nasema ni nyinyi. Mmempiga picha vibaya."

Sumbul alikuwa ameketi kando ya mama yake, mtandio umeshuka mabegani. Riffat alikuwa amemwona akivua viatu mlangoni, akamwona amekaa, kisha akamwona mlangoni tena akivua viatu vilevile. Alimpa jalebi, na Sumbul akaipokea mara mbili, akashukuru mara mbili, ingawa jalebi ilikuwa moja.

Riffat na Sumbul walikuwa wakijuana, na Sumbul alimwita Riffat baji, dada mkubwa. Siku ya hina, Sumbul mikono imepakwa mpaka viwikoni na hawezi hata kujikuna pua, alimwambia Riffat kwamba mwezi wa sita ana mtihani wa mwisho wa chuo cha wapimaji wa maabara. Alikuwa na akili ya kazi hiyo, na alipenda kutazama damu kwenye darubini kuliko kutazama tamthilia. Baba yake alikuwa amemwahidi, mtihani kwanza, ndoa baadaye. Kisha mama yake Khizar akapiga simu kusema kwamba yupo binti mwingine kule Kharian ambaye hana mitihani, na ahadi ikaishia hapo. Riffat alimkuna pua, akaendelea kupiga picha.

Sasa alimwuliza, "Sumbul, siku ile shehe alipokuuliza, wewe ulisema nini?"

"Baji, nilisema—" alianza Sumbul, na alikuwa mlangoni anavua viatu. Akaja akaketi. "Baji, nilise—"

"Umeona?" alisema mama yake. "Hata salamu hamalizi. Wageni wanatushangaa."

Riffat alimwonea uchungu, uchungu hasa. Alisema, "Shida iko kwenye chanzo, khala."

"Chanzo ndiyo nini?"

"Ile video yenyewe, kabla hatujaigusa. Mashine haina kosa."

"Basi kitengeneze hicho chanzo. Mimi nataka mtoto anayefika mezani na chai."

Walipoondoka, Riffat alivaa spika za masikio na kufungua video ilivyotoka kwenye kamera. Kipaza sauti alikuwa amekibana mwenyewe ukingoni mwa lile kochi jekundu, karibu na bega la Sumbul. Aliisogeza polepole, picha kwa picha. Shehe aliuliza. Sumbul akainua uso na kusema, kwa sauti ya chini lakini ya mtu mwenye akili timamu, "Ngojeni kidogo, mimi—", na treni ikapiga honi.

Sumbul akanyamaza. Akanyamaza kama anavyonyamaza kila mtoto wa Lalamusa, mdomo bado wazi, jicho moja dirishani, anangoja behewa la mwisho ili amalizie. Chumba kizima kilinyamaza pia, kwa sababu ileile. Ndipo mkono wa Shangazi Kishwar ukatua kwenye kisogo cha Sumbul na kukibonyeza chini, mara moja, kwa utulivu, kama mtu anayebana kifuniko cha sufuria. Kichwa kikainama. "Mubarak!" akasema Kishwar, na wanawake wote wakadakia mubarak, tende zikarushwa, na treni ilipomaliza kupita hapakuwa na mtu wa kumsikiliza bibi harusi. Alikuwa bado anangoja zamu ya neno lake. Ilikuwa haijafika mpaka leo.

Riffat alivua zile spika. Alifahamu kwamba video haikuwa mbovu. Iliambiwa ingoje, na ilikuwa inangoja.

Aliwaita wenyewe wasikie. Chaudhry Ghazanfar alikuja na mkewe na dada yake, wakaketi kwenye kochi la wateja, Mazhar akaagiza chai na sambusa. Sumbul aliachwa nyumbani kwa ajili ya vikombe. Riffat akaicheza ile sehemu kwa sauti kubwa. Ngojeni kidogo, mimi. Treni. Mkono. Mubarak. Wote walisikia, maana kipaza sauti kilikuwa kizuri.

Chaudhry alitazama juu kwenye feni yake.

"Inatoa mlio kidogo ile," alisema. "Nitaleta fundi aikaze." Kisha akasema, "Kweli kasema ngojeni."

"Kasema, Chaudhry ji."

"Kidogo."

"Kasema kidogo."

"Basi vizuri. Harusi ilikuwa mwezi wa pili, sasa tunaingia wa nne. Kidogo alichoomba tumempa, na cha nyongeza juu. Weka jibu tumalize."

"Anasoma, Chaudhry ji. Alitaka kumaliza mtihani. Uliahidi mwenyewe."

"Niliahidi. Nani amekataa kwamba niliahidi?"

Shangazi Kishwar alikuwa anaifungua sambusa kutafuta njegere. "Kwanza ile ilikuwa treni ya mizigo," alisema. "Treni ya mizigo mtu haisubiri. Na mwali akinyamaza ndiyo amekubali, hata shehe anajua hivyo. Au wewe Riffat umesoma kuliko shehe?"

"Kimya kile kilikuwa cha treni, Shangazi. Kila mtu mle ndani alijua ni cha treni. Wewe mwenyewe ulinyamaza."

"Kimya ni kimya," alisema Kishwar. "Hakiandikwi jina."

Mama Sumbul alishika kikombe chake kwa mikono miwili, na chai ikapoa.

Riffat alisema hataki kuweka jibu ambalo halikutolewa. Alilisema waziwazi, mbele ya wateja, tena kwa hasira, jambo ambalo kwake ni nadra. Mazhar alimsogelea. Hakumgombeza, yeye si mtu wa kugomba.

"Baji, tumesikia hutaki," alisema. "Wote tumesikia. Sasa weka."

Akaweka. Alichagua kubuul ya haya, ambayo ndiyo anayoanza nayo siku zote, akaichomeka pale Sumbul anapoinua uso, akabonyeza. Shehe akauliza, Sumbul akakwama, na neno likatoka wazi kabisa kwenye kinywa cha Shangazi Kishwar mle kwenye filamu, midomo yake ikiandamana na kila herufi. Riffat akaifuta, akajaribu ya furaha iliyozuiwa. Hiyo ikavuka pazia, ikaenda upande wa wanaume, ikatoka kwa Chaudhry Ghazanfar aliyekuwa amesimama karibu na mapipa ya barafu. Ya kulia ilimwendea mama wa bibi harusi, na ilimkaa vizuri kuliko wote, hata kidevu kilitetemeka. Sumbul hakuna iliyomgusa.

Shangazi Kishwar aliomba aone yake tena.

"Sauti imenikaa," alisema. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nikizungumza kabla sijazaa."

"Ziache zote," alisema Chaudhry. "Walioandaa harusi wamekubali, inatosha. Na huyu kukwamakwama wataona ni haya."

Filamu ikatoka hivyo. Wakala wa viza aliitazama kwenye simu yake huku anakula, akasema haina neno. Alisema filamu zote zinazofika dirishani kule ubalozini hukwama, kila mtu anajua ni mtandao, na hajawahi kusikia ofisa aliyetazama mpaka nikaha. Mwezi wa tano viza ikatoka. Uwanja wa ndege Sumbul alikabidhi pasi yake, akawa mwisho wa foleni, akaja akaikabidhi tena, na yule wa muhuri akaigonga kila alipoletewa mpaka ukurasa ukajaa, akamtakia safari njema. Ndege iliondoka naye, kwa kadiri alivyokuwepo.

Studio nako kazi iliendelea. Harusi za msimu zilikuwa nyingi na Riffat alichomeka kubuul zake kama kawaida, ila sasa zilikuwa na mazoea yao. Kwa baadhi ya mabibi harusi zilikaa palepale mdomoni, na Riffat alifurahi kila alipoona hivyo, alifurahi hata akacheka peke yake. Kwa wengine zilikwenda kwa wajomba. Kuna moja ilikwenda kwa mtu aliyekuwa anamdai baba wa binti. Wateja hawakulalamika. Shida yao siku zote ilikuwa kwamba neno halisikiki, na sasa lilisikika.

Siku moja Mama Sumbul alipanda ngazi na simu mkononi, mkwewe yuko hewani. Alitaka Riffat ashuhudie.

"Mwambie na huyu dada wa studio, mwanangu," alisema. "Mke wako anakwama huko?"

Khizar alionekana vizuri sana. Nyuma yake kulikuwa na jiko jeupe, na kwenye jiko alikuwepo Sumbul na sufuria ya maziwa, kisha akawa dirishani, kisha kwenye jiko na ile sufuria. Mvuke ulipanda vizuri bila kukatika. Gari lilipita nje bila kukatika.

"Anakwama?" alisema Khizar. "Hapana, Mama. Yuko vilevile nilivyomzoea. Tangu nianze kuzungumza naye kwenye simu alikuwa hivihivi."

Mama Sumbul alishukuru Mungu kwa sauti, akawanunulia jalebi watu wa jengo zima. Riffat alichukua yake na kuiweka kando ya kompyuta. Alitazama lile jiko mpaka simu ilipokatwa, na kila Sumbul alipofika dirishani alikuwa na mdomo wazi kidogo.

Mwezi wa sita chuo cha wapimaji wa maabara kilitaka picha ya darasa siku ya mtihani wa mwisho, na kwa kuwa ni chuo cha wasichana alikwenda Riffat. Aliingia ukumbini kwa ruhusa, akatembea pembeni bila kelele. Karibu na dirisha, kwenye dawati lililokuwa bado na namba yake, aliketi Sumbul. Kisha dawati likawa tupu. Kisha Sumbul akawepo tena, amevaa sweta isiyofaa kwa joto la huku, anaandika haraka, nusu mstari, akatoka, akarudi na unga mikononi, akaanza pale alipoishia. Msichana wa nyuma yake alikuwa anamshikia karatasi isipeperuke anapokuwa hayupo.

Basi huko ndiko alikokuwa akienda, kila anaporuka.

"Anajitahidi," msimamizi alimnong'oneza Riffat. Alikuwa mama mpole mwenye miwani. "Na yale anayofikia kuandika ni sahihi. Lakini kanuni inataka mtahiniwa awepo mfululizo. Nimemwekea hayupo."

Nje treni ikapiga honi. Kalamu zote zikasimama. Sumbul aliinua uso, akamwona Riffat, akafungua mdomo kusema, na Riffat akapiga picha kabla treni haijamaliza kupita. Ilipomaliza, dawati lilikuwa tupu na karatasi ilikuwa imechafuka unga.

Picha ya kusimama haikwami. Riffat aliisafisha kwa ukubwa wa ukutani, na Sumbul alikuwa ametulia ndani yake, mzima, macho yake mbele, kalamu mkononi. Alimpelekea mama yake Sumbul nyumbani, akijiambia njiani kwamba angalau mtu mmoja ataona alikuwa wapi. Mama Sumbul aliishika picha kwa muda mrefu. Alimpapasa binti yake shavuni kwa kidole gumba. Alijua ni wapi, kwa maana ada ya chuo alikuwa akiipeleka mwenyewe.

"Hapa ametulia," alisema. "Itakaa vizuri sebuleni, juu ya televisheni. Ila yatoe haya madawati. Weka ule mlima wenu wa theluji, watu wajue yuko Ulaya."

Ule mlima ndio mandhari inayotumika kuliko zote pale Chandni, na nusu ya mji imepigwa picha mbele yake. Riffat akarudi, akatoa madawati, akatoa msimamizi na ubao na msichana aliyeshika karatasi, akaweka theluji. Ilikuwa kazi nyepesi na mashine haikulalamika hata kidogo. Kalamu tu ndiyo haikutoka. Aliifuta, ikarudi. Akapaka rangi ya sweta juu yake, ikatokea juu ya rangi. Mwishowe akampelekea mteja ilivyo, na kumwonyesha kasoro, kama anavyofanya kwa kazi yoyote isiyokamilika.

Mama Sumbul alivaa miwani, akatazama.

"Iache," alisema. "Watu watadhani anatia saini nikaha."